Muulize Shangazi wa Habari: bahasha, kamera wodini na redio zinazonyamaza

Haya wapendwa, barua za mwezi huu karibu zote zinawalalamikia waandishi na watangazaji, na nyingine zimetoka kwa waandishi wenyewe. Majina tumeyaacha, maana wengine bado wako kazini na mabosi zao nao wanasoma hapa.

Shangazi shikamoo. Mi ni mwandishi wa kujitegemea huku Kahama, naandikia gazeti moja na redio moja. Juzi nimeenda semina ya taasisi flani, mwisho tukasainishwa karatasi tukapewa bahasha, wenyewe wanaiita nauli. Mhariri wangu wa Dar kasikia, ananiambia anayepokea bahasha ni kanjanja tu. Lakini Shangazi huyu mhariri mwezi wa tatu huu hawajanilipa na stori zangu zinatoka kila wiki. Sasa mi nile maadili?

Marahaba mwanangu. Umeuliza kwa hasira na hasira yako naielewa, ila tusidanganyane, ile sio nauli. Nauli mtu anakupa hata kama kesho utaandika kwamba semina yao ilikuwa ovyo, na wewe unajua, ukiandika hivyo semina ijayo hautaitwa. Mimi nimekaa dawati la habari miaka mingi na hizo semina nazijua nje ndani, afisa habari hagawi bahasha asubuhi, anasubiri mgeni rasmi amalize kufunga ndo anakaa mlangoni na ile karatasi yake yenye jina, chombo, namba ya simu, kiasi, sahihi, ili yule aliyetoka mapema kukimbizia stori yake aikose. Kesho yake saa nne simu inaita, "vipi kaka, imetoka?" Na wewe unampigia picha ukurasa unamtumia whatsapp. Hapo mwanangu umeshakuwa mfanyakazi wao, tena wa bei rahisi kuliko tangazo.

Na matokeo yake tunayasoma kila siku. Fungua gazeti lolote uhesabu vichwa vyenye "awataka", "aipongeza", "asisitiza". Mkurugenzi awataka wananchi kutunza miundombinu. Sawa, hiyo miundombinu imegharimu shilingi ngapi, nani kapewa tenda, mbona daraja limepasuka kabla ya masika? Hakuna aliyeuliza kwa sababu aliyeuliza anachelewesha msosi na bahasha. Na kuna upande mwingine ambao unanikera zaidi, ni yule mama wa kijijini aliyenyang'anywa shamba, hana semina, hana afisa habari, hana cha kuweka kwenye bahasha, basi stori yake haiendi popote mpaka afe ndo inakuwa "tukio".

Nikiwa hapohapo niseme na hili kwa wengine, maana najua wapo. Kuna bahasha ya kuandika na kuna bahasha ya kutokuandika. Unaenda kwenye zahanati binafsi au shule umeshika madudu yao, unamwambia mwenye mali "tuongee tuimalize hii", hapo usiniite shangazi. Hiyo ni jinai, kuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 na TAKUKURU hawaangalii kama una kitambulisho cha uandishi.

Sasa turudi kwa bosi wako, maana na yeye simwachi. Mwenye chombo anayechukua stori zako miezi mitatu bila kulipa anajua vizuri sana unaishije. Anajua kuna semina. Yani kwa lugha nyepesi mishahara yake inalipwa na wenye semina, yeye anavuna tu kurasa zilizojaa halafu anakuita kanjanja kwenye simu. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 pamoja na makali yake yote tunayoyalalamikia ina kipengele kinachomtaka mmiliki awakatie wanahabari bima na kuwaweka kwenye hifadhi ya jamii. Muulize bosi wako ya kwako iko wapi. Sio mambo ya kufikirika haya, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini pale Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, polisi mmoja akafungwa miaka 15 mwaka 2016, na hadi leo kuna vijana wanatumwa kwenye vurugu na kamera ya kuazima bila hata karatasi inayoonyesha wanamfanyia nani kazi.

Cha kufanya. Kwanza kusanya stori zako zote zilizotoka, na tarehe, na meseji za mhariri anazokuagiza, hizo ndo mkataba wako kwa sasa. Mwandikie barua ya kudai, sio whatsapp, barua, nakala ibaki kwako. Kisha nenda klabu ya waandishi ya mkoa wako, klabu zote ziko chini ya UTPC, muungano wa klabu za waandishi Tanzania, mkiwa kumi mnaodai chombo kimoja inakuwa kesi tofauti na wewe mmoja unayeonekana msumbufu. Ikishindikana kuna CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na hapo usikubali kukatishwa tamaa eti hauna mkataba, peleka hizo meseji wakaziamue wao.

Na semina ijayo? Sikwambii ufe njaa, watoto hawali kanuni za maadili. Mwambie mhariri kabla hujaenda kwamba usafiri unalipwa na mwenyeji, na kwenye stori iandikwe hivyo, sentensi moja tu inatosha, mwandishi alisafirishwa na taasisi hiyo. Akikataa kuiandika atakuwa amekujibu swali lako la nani kanjanja.

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, Morogoro. Mtoto wa jirani yangu mwenye miaka tisa alifanyiwa ukatili, na kabla hata hajaruhusiwa hospitali wakaja vijana wa tivii ya mtandaoni wakamhoji mama yake. Sura ya mtoto wameiziba lakini mtaa mzima umemjua, sasa shule hataki kwenda. Mama anasema alikubali mwenyewe kuhojiwa hivyo hana pa kulalamika. Ni kweli?

Sio kweli mama yangu, na pole sana, mwambie na jirani pole.

Nimeitafuta hiyo video nikaitazama. Sura ya mtoto imewekewa ukungu, sawa, lakini mama yake anaonekana wazi mwanzo mwisho, sauti yake hawajaibadilisha, mlango wa nyumba unaonekana, mwenyekiti wa mtaa katajwa kwa jina, na kwenye kamba nyuma ya mama imeanikwa sketi ya shule na sweta lenye nembo inayosomeka kabisa. Sasa hapo wamemficha nani? Hata mimi ambaye siishi Morogoro ningekuja nikafika mlangoni. Halafu juu wakaandika kwa herufi kubwa "INAUMIZA! MAMA AFUNGUKA MWANZO MWISHO", na pale anapolia wamemuwekea kinanda cha huzuni. Yani kuna mtu alikaa kwenye kompyuta akachagua ule mziki.

Kuhusu kukubali, mama ambaye jana yake tu mwanae kafanyiwa unyama anakubali chochote, ukimwambia asaini karatasi atasaini, ukimwambia imba ataimba. Mwandishi aliyefundwa anajua hilo, anamwacha atulie, anaongea na ustawi wa jamii, na kama kuna ulazima wa kumsikia mama basi anasikika bila kuonekana, mtaa hautajwi. Na ridhaa ya mama haifuti haki ya mtoto, ndo maana kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, na kanuni za maudhui zinawabana hao wa mtandaoni vilevile kama redio na televisheni.

Fanyeni haya haraka. Pigeni picha skrini ya video, linki, tarehe na jina la chaneli kabla hawajaifuta na kukana. Waandikieni wenyewe waitoe. Wakigoma, YouTube wana fomu ya malalamiko ya faragha na mtoto akihusika huwa wanaiangalia kwa uzito, jazeni. Malalamiko mengine yaende TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana Kamati ya Maudhui ambayo kazi yake ni hiyo, na nakala Baraza la Habari, MCT, lililoundwa 1995, ambao wanasuluhisha malalamiko kama haya. Dawati la jinsia polisi waambieni pia, kwa sababu video inaweza kuharibu kesi, wakili wa mtuhumiwa anaitazama kama mnavyoitazama nyie. Na huyo mtoto ahamishwe shule kama kuna uwezo, afisa ustawi wa jamii asaidie. Hilo la shule ndo la kwanza kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Hivi Shangazi ni halali redio kusoma magazeti asubuhi nusu saa nzima? Mi muuza magazeti, stendi ya Dodoma.

Ha, umenichekesha maana ulivyouliza tu nimejua biashara ikoje. Mwaka 2017 aliyekuwa waziri wa habari, Mwakyembe, alitaka vituo visome vichwa vya habari tu na sio stori nzima, na wenye magazeti walifurahi kwa sababu mtu akishasomewa kila kitu kwenye daladala mia zake za gazeti anazipeleka kwenye vocha. Ila kichwa peke yake nacho kina balaa lake. Kichwa kinaandikwa kiuze, stori ndo inasema ukweli kwenye aya ya tano, sasa mtangazaji anasoma kichwa, anakitafsiri kwa akili yake, anacheka na mwenzie, na abiria wanashuka na habari ambayo gazeti halijaiandika. Kwa maoni yangu wasome kichwa na aya ya kwanza, wataje gazeti, waache uchambuzi wa kubahatisha. Na wewe ukisikia wanasoma ukurasa mzima piga simu studio uwaambie kuna mtu stendi anauza hicho wanachokigawa bure.

Assalaam alaykum bibie. Mimi Mzanzibari niko Muscat, BBC naisikiliza tokea mdogo, baba yetu alikuwa akituamuru tunyamaze saa ya Dira ya Dunia. Nimesikitika na yale ya Trump. Kama BBC wanakata maneno ya mtu, sisi tumwamini nani?

Waalaykum salaam kaka yangu. Kwa ambao hawakufuatilia, kipindi cha BBC cha Panorama kilichorushwa Oktoba 2024 kilichukua hotuba ya Trump ya tarehe 6 Januari 2021, siku wafuasi wake walipovamia bunge la Marekani, kikaunga vipande viwili alivyovisema kwa tofauti ya karibu saa nzima, ukisikiliza unadhani ni sentensi moja inayowatuma watu wakapigane. Ilipobainika, tarehe 9 Novemba 2025 mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness wakajiuzulu.

Kuunga vipande kila mtu anaunga, hotuba ya saa nzima haiingii kwenye kipindi. Mhariri wa picha akitaka kukwambia ukweli anaweka alama, skrini inapiga mwanga kidogo au mtangazaji anasema "baadaye aliongeza kuwa". Ni sekunde mbili tu. Wao waliuficha mshono, na hapo ndo kosa lilipo, hata kama Trump mwenyewe humpendi, mimi pia simpendi.

Ila nikuulize kaka, ni chombo gani huku kwetu ambacho umeona mkurugenzi kaachia ngazi kwa sababu ya kiunganisho kwenye video? BBC hii sio mara ya kwanza, mwandishi wao Martin Bashir alitumia nyaraka za benki za kughushi ili aaminiwe na apate mahojiano na Diana, yule binti mfalme wa Uingereza, mwaka 1995, na ukweli kamili ulikuja kuandikwa na jaji mstaafu Dyson 2021, miaka 26 baadae, aibu tupu. Lakini uliandikwa na ukatolewa hadharani watu wakausoma. Mimi simwamini yeyote moja kwa moja, naangalia tu nani akikosea anasema, na kwa sauti kubwa kiasi gani. Baba yenu alikuwa na haki ya kuwanyamazisha, ila baada ya taarifa kwisha angewaacha mbishane.

Anti, niko Nairobi, South B. 2019 gazeti la New York Times liliweka picha za watu wamekufa kwenye shambulio la hoteli ya Dusit tukakasirika kama taifa. Lakini Juni 2024 vijana waliokuwa wakiandamana walipigwa risasi nje ya bunge na sisi wenyewe tukasambaza picha zao kila mahali tukisema ni ushahidi. Si hiyo ni kujipinga?

Swali zuri kuliko yote mwezi huu, na nimelala nalo. Ya Dusit naikumbuka, shambulio la Januari 15, watu 21 waliuawa, na saa chache baadae picha ya wateja wamelala juu ya meza za mgahawa ikawa mtandaoni hata ndugu hawajapigiwa simu. Baraza la Habari la Kenya lilitaka iondolewe, gazeti likagoma likaleta maelezo. Wakenya wakauliza mbona wakiuawa wa kwenu shuleni huko Marekani hatuoni miili yao, na hilo hawakulijibu vizuri.

Nadhani tofauti iko kwenye kazi ambayo picha inaifanya. Hakuna aliyekuwa anabisha kwamba watu wameuawa Dusit wala nani kaua, kwahiyo ile picha haikuthibitisha kitu, ilikuwa pambo la habari. Ya bungeni ilikuwa inabishiwa, nani kafyatua, walikuwa na silaha au hawana, walikuwa wanakimbia au wanashambulia. Timu ya BBC Africa Eye ilipekua picha na video zaidi ya 5,000 mpaka ikaonyesha askari waliofyatua, na bila vijana kurekodi hakuna ambacho kingejulikana.

Lakini nisikupe ushindi wote. Video ile ile inayofaa kupelekwa IPOA, wale wanaosimamia polisi wa Kenya, na mahakamani sio lazima izunguke kwenye magrupu ya familia ikiwa na sura ya marehemu, mama yake naye yuko kwenye hayo magrupu. Wa kuthibitisha wapewe nzima, sie wengine tungetosheka kuoneshwa alikosimama askari. Mlikuwa sahihi kurekodi, kwenye kusambaza mlizidisha, na nasema hivi nikijua kwamba siku zile hakuna aliyewaamini mpaka mlipoonyesha damu.

Shangazi, eti bila diploma siruhusiwi kuwa mwandishi? Nina cheti tu na uzoefu wa miaka nane redio ya jamii.

Ndio mwanangu, kwa Tanzania kiwango ni diploma, na Bodi ya Ithibati, ile inayowatambua waandishi rasmi, imeshaanza kutoa vitambulisho vyake. Mimi binafsi nimewahi kufundishwa kazi na watu wa darasa la saba na nimewahi kusahihisha wenye digrii wasiojua kutaja chanzo, ila sheria ndo hiyo, kasome ya jioni, na miaka yako nane itakubeba darasani.

Shangazi, niko Mwanza. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa, nje tunasikia milio, nikawasha redio ninayoisikiliza siku zote nikakuta wanapiga bongofleva na salamu za birthday. Tangu siku hiyo sijaifungua. Nimekosea?

Hujakosea, redio ni ya kuwasha na kuzima. Ila ngoja nikwambie kilichopo nyuma ya ile bongofleva, sio kuwatetea. Kituo kina leseni, na leseni inaweza kusimamishwa na mtu mmoja aliyesaini karatasi. Oktoba 2024 TCRA iliwasimamishia Mwananchi Communications leseni ya mtandaoni siku 30 kwa ajili ya video ya katuni, katuni, iliyogusa watu waliopotea. Hao ni wakubwa. Ukiwa na kituo cha mkoa chenye wafanyakazi 15 na tangazo kubwa unalolitegemea linatoka ofisi ya serikali, hauhitaji hata kupigiwa simu, unajikata mwenyewe. Kwa jirani zetu Kenya walishazimiwa kabisa, Januari 30, 2018 televisheni za Citizen, NTV na KTN zilizimwa siku Raila Odinga wa upinzani alipojiapisha, mahakama ikaagiza zirudishwe serikali ikachelewa, na Juni 25, 2025 wakaambiwa tena wasirushe maandamano moja kwa moja, waliokaidi mitambo ikazimwa, mahakama ikaingilia. Tofauti ni kwamba kule walikaidi kwanza, na kesi zikafika mahakamani.

Pamoja na hayo yote, salamu za birthday hazina kisingizio. Kuna habari ambazo hata mwoga anaweza kuzisoma, barabara gani haipitiki, hospitali gani iko wazi, mabasi yameondoka au hayajaondoka, watoto wabaki ndani. Dar walitangaziwa amri ya kutotoka nje usiku, mtu alihitaji kujua inaanza saa ngapi na mgonjwa anapitaje. Hiyo ni kazi ya redio kuliko muziki. Na mtangazaji akishindwa hata hapo anaweza kusema wazi kwamba kuna mambo hatuwezi kuwaletea kwa sasa, msikilizaji mtu mzima ataelewa.

Usizime tu kimyakimya mwanangu, wao wataona umepungua wadhani umehamia kwenye simu. Waandikie, kwa jina la kipindi na saa uliyowasha, uwaambie ulisikia nini nje na ulisikia nini kwao. Barua za wasikilizaji mameneja wanazisoma kuliko unavyofikiri, hasa wanapokwenda kutafuta matangazo.